Intafesi si miksa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na boksi kwapani, uso umemnawiri. "Ami, nimepata intafesi ya chaneli sita, kwa bei ya kutupa!" Nikalifungua. Ndani mna miksa. Miksa nzuri tu, ina vitelezi, ina taa za kumetameta, ina tundu la USB ubavuni. Intafesi haimo. Na huyu ni wa nne tangu Mfunguo Sita.

Basi tulimalize hili. Intafesi ya sauti ni kifaa kinachopokea sauti kutoka kwenye maiki au ala, kinaigeuza kuwa tarakimu, kinaipeleka kwenye kompyuta, kisha kinazigeuza tena tarakimu kuwa sauti ili uisikie kwenye hedifoni. Kompyuta yako tayari inacho kidude cha namna hiyo tumboni, ila kile kiliwekwa kwa ajili ya kupigia simu za mtandaoni, hakikuwekwa kwa ajili ya kurekodi udi.

Jina lenyewe la Kiingereza limeungwa kwa "baina" na "uso". Lilianza katika karne ya 19 kwa watu wa fizikia, waliotaka kupataja pale vitu viwili vinapogusana, mathalan mafuta na maji. Watu wa kompyuta wakaliazima baadaye sana. Wataalamu wetu nao wakatupa "kiolesura", na kwenye maandishi halina ubaya, lakini nenda Darajani umwambie muuza duka akupe kiolesura cha sauti, atakuonesha krimu. Mimi linanikera kidogo kwa sababu lina sura ndani yake, na sauti haina sura.

Ningeulizwa mimi, ningeiita forodha. Sisi hapa Unguja hatuna haja ya kufundishwa neno hilo, tunakwenda kula pweza Forodhani kila jioni na kusahau kwa nini pakaitwa hivyo. Jahazi likifika, mzigo hauingii mjini vivi hivi. Unateremshwa, unahesabiwa, unaandikwa daftarini, ndipo unapita. Sauti nayo hufika ikiwa wimbi, na intafesi hulihesabu wimbi hilo mara 44,100 kwa kila sekunde, au 48,000 kama unarekodi kwa ajili ya video. Kila hesabu huandikwa kwa biti 24, yaani ina ngazi zaidi ya milioni 16 za kuchagua. Na hapa ndipo ninapopataka: karani wa forodha hachanganyi mizigo ya watu. Karafuu za huyu zinaandikwa mbali, mbata za yule mbali. Maiki ya mwimbaji ina mstari wake, yaani chaneli yake, maiki ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina mstari wake, na zote zinaingia kwenye kompyuta bila kugusana.

Miksa kazi yake ni kuzichanganya sauti zote pamoja; ni bakuli la urojo. Umetia viazi, bajia, kachori, mishkaki, umemimina rojo la ukwaju, umenyunyiza pilipili. Tamu, hapana ubishi. Lakini mtu akikwambia, "Samahani, ukwaju umezidi, hebu upunguze," utampunguzia vipi? Bajia utaitoa kwa kijiko. Ukwaju hutoutoa.

Haya nayajua kwa maumivu. Miaka ya nyuma niliwarekodi wazee wanne chumbani, udi, kanuni, fidla na dumbak, pamoja na mwimbaji, kwa miksa ya USB niliyouziwa kuwa "ya studio". Maiki tano, vitelezi vitano, najiona fundi. Usiku nikaifungua programu, nikakuta traki mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Kanuni ilikuwa inalia juu ya kila mtu. Nikiishusha, mwimbaji anashuka nayo. Nikipunguza ukali, dumbak inakuwa kama mtu anagonga mto. Asubuhi mzee wa fidla akasikiliza wimbo mzima kimya, ulipokwisha akaniuliza kwa upole, "Na mimi nipo wapi humu?" Sikuwa na jibu, na siku ile watu wote watano nisingewakusanya tena.

Fundi mwenzangu atanipinga: hata miksa ya USB ina intafesi ndani yake, ya chaneli mbili. Kweli. Ila hiyo imewekwa baada ya bakuli. Inahesabu urojo.

Wala sisemi kuchanganya papo hapo ni dhambi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, hapakuwa na mambo ya kumtenga huyu na yule. Kilichoingia kwenye sahani kilikuwa kimeshachanganyika. Lakini wale walikuwa wanajua nani akae karibu na nani akae mbali, na mpigaji alijua kujishusha mwimbaji anapoingia. Uchanganyaji ulikuwa mikononi mwao. Sisi tunautaka uwe kwenye kipanya, baadaye, tukishakunywa chai. Basi tununue kifaa kinachoruhusu hivyo.

Mitego ipo mingi, nitaje inayoniudhi zaidi. Kuna miksa ambazo tundu lake la USB ni la kuchomekea flashi na kupiga nyimbo tu; ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haina habari. Kuna vile visanduku vya vibonye vya makofi na vicheko, ambavyo navyo siku hizi vinaitwa intafesi, Mungu atusitiri. Na kwa kuwa haki ni haki, kuna miksa zinazopeleka kila chaneli peke yake: kampuni ya Soundcraft wanaziwekea herufi MTK. Hizo ni miksa na intafesi kwa pamoja, na bei yake inakwambia hivyo.

Hata kwenye intafesi za kweli, namba za kwenye boksi zisomwe kwa utulivu. Intafesi ya Focusrite iitwayo Scarlett 2i2, maana yake sauti mbili zinaingia na mbili zinatoka. Sawa. Lakini ndugu yake, 18i20, haimaanishi utachomeka maiki 18; za maiki ni nane, nyingine ni njia za kidijitali zinazohitaji vifaa vingine. Mtu wa kuimba na gitaa lake zinamtosha mbili. Kikundi cha taarab hata kiwe kidogo kinataka nane. Maiki ya aina ya kondensa inahitaji kupelekewa umeme wa volti 48, kwa hiyo angalia kitufe chake kipo. Na kwa huku kwetu ningeongeza: ukiipata, chukua inayokula umeme kupitia waya wa USB wenyewe, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya beti, laptopu inaendelea na betri yake na intafesi inaendelea nayo. Miksa ya kuchomeka ukutani inakuacha na mwimbaji mdomo wazi.

Yule kijana sikumvunja moyo. Nilimwambia miksa yake aiweke, ni ya kufaa: maulidi yapo, harusi zipo, na huko kuchanganya papo hapo ndiyo kazi yenyewe. Alikuwa ameshaanza kulifunga boksi, akaniambia muuzaji alimhakikishia chaneli ni sita. Nikamwambia hakumdanganya, ni sita kweli. Siku nyingine usimuulize ina chaneli ngapi, muulize kompyuta itaziona ngapi.