Mezkali ni nini, na nani mwenye neno

Ukitoka Segera kuelekea Tanga, mkonge unakusindikiza pande zote mbili za barabara, safu kwa safu, majani yamesimama kama mapanga. Kazi yake kila mtu wa huko anaijua: majani yanakatwa, yanapelekwa korona, kinu cha kuchambua nyuzi, nyuzi zinaanikwa, zinakuwa kamba na magunia. Mmea ukizeeka unachomoza mlingoti mrefu wa maua, kisha unakufa. Kile kitovu kinachobaki, kizito kama jiwe, hakina mteja.

Meksiko, kwenye asili ya mimea ya ukoo huu, mambo ni kinyume. Majani ndiyo yanayoachwa shambani, watu wanabeba kitovu. Kitovu hicho kikiokwa, kikapondwa, kikachachuka, kisha kikapikwa na mvuke wake ukakingwa, kinachotoka ndicho kinachoitwa mezkali.

Ukoo huo ni agave, na mkonge wetu ni mmoja wao. Aliyeuleta ni Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. 200 hivi ndiyo iliyofika Hamburg, na 62 tu ikafika Afrika Mashariki ikiwa hai. Miche hiyo ndiyo iliyoanzisha mashamba yote ya mkonge ya Tanganyika. Hata jina lake la kisayansi, Agave sisalana, limetokana na Sisal, bandari ndogo ya Yucatán. Kwa hiyo msomaji wa Korogwe anayesoma habari za mezkali hasomi habari za mmea mgeni. Anasoma habari za binamu wa mmea anaouona kila siku, waliolelewa kwa kazi tofauti.

Neno lenyewe ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo bado inazungumzwa na watu zaidi ya milioni moja. Metl ni agave, ixcalli ni kilichopikwa. Ukiunganisha unapata "agave iliyookwa". Yaani mwanzoni mezkali halikuwa jina la pombe bali la chakula. Mpaka leo katika masoko ya Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, utakuta vipande vya agave iliyookwa, vya kahawia na vyenye kunata, vinauzwa watu wafyonze utamu wake na kutema makapi, kama tufanyavyo kwa miwa. Kwamba neno hilo likitamkwa Kiswahili linaishia na "kali", na kinywaji chenyewe ni pombe kali kweli, ni bahati tu, ingawa ni bahati inayosaidia kukumbuka.

Na tekila je? Tekila ilikuwa mezkali. Zamani iliitwa mezkali ya Tequila, kwa jina la mji ulioko jimbo la Jalisco, kama mtu anavyosema mchele wa Mbeya. Jina la mji likaja kumeza jina la kinywaji. Leo kisheria ni vitu viwili. Tekila lazima itokane na aina moja tu ya agave, ile ya buluu, tena kwa sehemu kubwa huokwa kwa mvuke viwandani. Na sheria inaruhusu sukari ya agave iwe asilimia 51 tu, nyingine itoke kwingine, mara nyingi kwenye miwa, mradi chupa isiandikwe kwamba ni agave asilimia 100. Wahenga wa pwani walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui kama waliwahi kufikiria kwamba siku moja maji hayo yangewekewa asilimia kwenye sheria.

Mezkali haikufungwa kwenye aina moja. Agave zina spishi kama 200, na makumi kadhaa hutumika. Inayolimwa zaidi Oaxaca inaitwa espadín, nayo huchukua miaka sita hadi minane au zaidi kukomaa. Tobalá ni ndogo, hupenda kivuli cha miti milimani, na huweza kuhitaji miaka kumi na zaidi. Tepeztate hukua kwenye miamba, na kuna inayofikisha miaka 25 ndipo ikatoa ua. Hapo ndipo mtu anaanza kuelewa kwa nini wapikaji huongea juu ya agave kwa heshima. Mgema akiharibu tembo la leo, mnazi utampa jingine kesho. Mpikaji wa tepeztate akiharibu pipa moja, ameharibu mimea iliyoota mtoto wake akiwa bado hajazaliwa.

Agave hutoa ua mara moja tu maishani. Sukari yote iliyohifadhiwa miaka hiyo inapanda kwenye mlingoti, mmea unachanua, unakufa. Mkulima hukata mlingoti ukiwa bado mchanga ili sukari irudi kitovuni, kisha huuacha mmea umesimama kwa miezi kadhaa, wengine zaidi, kabla ya kuvuna. Tatizo ni kwamba maua hayo ndiyo chakula cha popo wenye pua ndefu, ambao usiku hubeba chavua kutoka mmea hadi mmea. Shamba lisiloacha hata mlingoti mmoja linawanyima popo chakula, na agave zake zote zinakuwa nakala za mama mmoja, zilizooteshwa kwa machipukizi. Ugonjwa ukiingia, unakuta ndugu wote wana udhaifu uleule. Mwanabiolojia wa Meksiko Rodrigo Medellín amekuwa akiwashawishi wazalishaji waache sehemu ndogo ya mimea ichanue kwa ajili ya popo, na baadhi wamekubali.

Sasa twende mahali pa kazi. Oaxaca panaitwa palenque. Jalisco wanasema taberna, Durango na Michoacán vinata. Usifikirie kiwanda. Mara nyingi ni paa la bati juu ya nguzo, pembeni ya nyumba au karibu na kijito, na wafanyakazi ni familia na majirani. Vijiji vya Oaxaca vina desturi ya kazi ya pamoja inayoitwa tequio, ambayo Mpare au Msambaa ataitambua mara moja: ni msaragambo.

Vitovu vilivyochongwa majani huonekana kama mananasi makubwa, na hilo ndilo jina lake huko, piña. Cha espadín kinaweza kuzidi kilo 50. Vinapasuliwa na kupangwa ndani ya shimo lililochimbwa ardhini, lenye umbo la faneli, ambamo kuni zimewashwa na mawe kurundikwa juu yake mpaka yakawa mekundu. Juu hufunikwa kwa makapi ya mkupuo uliopita, mikeka au magunia, kisha udongo. Hapo vinakaa siku tatu hadi tano. Si mapambo ya kimila hayo. Agave haihifadhi sukari kama muwa. Inahifadhi minyororo mirefu ambayo hamira haiwezi kuila. Joto la muda mrefu ndilo linaloikata minyororo hiyo ikawa sukari. Na kwa kuwa joto hilo linatoka kwenye kuni na udongo, vitovu hunyonya harufu ya moshi. Ule moshi ambao wanywaji wa mijini huutaja kwanza wanapoonja mezkali umetokana na jiko hilo, hakuna aliyeuongeza.

Baada ya kuokwa huja kuponda. Wengi hutumia gurudumu kubwa la jiwe linaloviringishwa na punda au farasi akizunguka duara. Waliowahi kuona kinu cha kushindika ufuta kikizungushwa na ngamia Unguja au Lamu hawatashangaa. Palipo na uhaba zaidi, watu huponda kwa mikono, kwa nyundo nzito za mbao ndani ya hori lililochongwa kwenye gogo. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na hakuna anayeifanya kwa kujifurahisha.

Maji na nyuzi huingia kwenye mapipa ya mbao yaliyo wazi. Hakuna hamira ya kununua. Kinachochachua ni vijidudu vilivyoko hewani, kwenye mbao na kwenye kuta za palenque ile, na ndiyo sababu majirani wawili wenye agave moja hutoa vinywaji viwili. Wakati wa baridi pipa huchelewa, wakati wa joto hukimbia. Mpikaji huinamisha sikio kusikiliza mchemko, hunusa, huonja. Ikipita siku, kinageuka siki.

Halafu ndiyo kupika kwenyewe, kwa maana ileile tunayosema kupika gongo: unachemsha, mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka. Vijiji vingi hutumia mtambo wa shaba. Santa Catarina Minas na Sola de Vega wanashikilia vyungu vya udongo, viwili vikipandishwa kimoja juu ya kingine. Hupikwa mara mbili. Kinachotoka kwanza huwa kikali mno, kinachotoka mwisho chepesi na chachu, na ufundi ni kujua wapi pa kukata na kiasi gani cha kuchanganya. Kipimo cha kioo kipo siku hizi, lakini mpikaji mzoefu hufyonza kinywaji kwa mwanzi na kukimwaga kutoka juu ndani ya kata ya kibuyu, kisha huangalia mapovu. Wanayaita lulu. Yakikaa ukingoni kwa muda yamejipanga kama shanga, nguvu iko takriban asilimia 45 hadi 55. Yakipasuka upesi, ama imezidi ama imepungua. Kwa lita moja ya espadín watu huhesabu kilo kumi hivi za agave.

Swali la nani alianza kuzipika agave hivi lina jibu linalotugusa watu wa pwani. Kabla ya Wahispania ilikuwapo pulque, utomvu wa agave uliochachuka, kinywaji chenye mungu wake wa kike, Mayahuel. Kuhusu kupika kwa mvuke, watafiti wengi wanaelekeza kidole upande wa Bahari ya Pasifiki. Kati ya 1565 na 1815 merikebu za Kihispania zilisafiri baina ya Manila na Acapulco, na pamoja na hariri zilileta mabaharia Wafilipino na minazi. Huko Colima, jimbo la pwani hiyo, Wafilipino walifanya walichokuwa wakifanya kwao: wakagema minazi, na tembo lile wakalipika kwa mitambo ya gogo lililotobolewa. Utawala wa kikoloni ulipopiga vita pombe ya mnazi, ujuzi uleule ukahamia kwenye agave zilizojaa vilimani. Mitambo ya namna hiyo bado inafanya kazi magharibi mwa Meksiko, na Colima wanauza tembo la mnazi barabarani mpaka leo. Wanaliita tuba.

Marufuku nayo ina historia ndefu. Jimbo la Sonora lina mezkali yake, bacanora. Mwaka 1915 gavana Plutarco Elías Calles aliipiga marufuku, na haikuhalalishwa tena hadi 1992. Karibu miaka 80 watu waliipika mabondeni usiku, wakikimbizana na askari. Kwa wanaokumbuka misako ya gongo na chang'aa, au sheria ya Uganda ya miaka ya 1960 iliyomtaka mpika enguli aiuze kwa mwenye leseni, simulizi hiyo haihitaji mkalimani.

Siku hizi hakimbizwi mpikaji. Kinachobanwa ni neno. Mwaka 1994 Meksiko ililinda jina mezkali kisheria: ni majimbo yaliyotajwa tu yanayoweza kulitumia, mwanzo matano, baadaye yakaongezeka. Lengo lilikuwa jema, kuzuia mtu wa nchi nyingine asibandike jina hilo kwenye chochote. Kanuni iliyotolewa baadaye, ya 2016, ikagawa mezkali makundi matatu: ya kawaida, inayoruhusu mitambo mikubwa; ya kifundi; na ya kijadi, ambayo lazima iokwe shimoni na kupikwa kwenye vyungu vya udongo. Nauona mgawanyo huo kuwa wa haki, kwani angalau mnunuzi anajua anachokilipia.

Lakini ili kuandika neno hilo kwenye chupa lazima uthibitishwe. Kuna ada, vipimo vya maabara, karatasi, safari za mjini. Mwenye kiwanda ana mtu wa kushughulikia hayo. Mpikaji anayetoa lita mia chache kwa mwaka, mara nyingi lugha yake ya nyumbani ikiwa Kizapoteki na si Kihispania, hana. Na aliyezaliwa nje ya majimbo yaliyotajwa hana njia kabisa, hata kama babu wa babu yake alipika. Mwishoni mwa 2015 lilitoka pendekezo kwamba walioachwa nje walazimishwe kukiita kinywaji chao "komil", neno ambalo hakuna mpikaji aliyekuwa akilitumia. Kelele zilikuwa kubwa, na pendekezo likaondolewa.

Wakati huohuo biashara imepanda kupita kiasi. Mezkali iliyothibitishwa ilikuwa kama lita milioni 1 mwaka 2011; mwaka 2022 ilizidi milioni 14, sehemu kubwa ikitoka Oaxaca. Makampuni ya kimataifa yameingia, waigizaji wa Hollywood wana chapa zao. Milimani tobalá za porini zimepungua, misitu inakatwa kupisha espadín na kupata kuni. Fedha imefika vijijini, hilo ni kweli, na vijana waliokuwa wakienda Marekani sasa wengine wanabaki. Ila bei ya chupa New York na bei anayolipwa mpikaji wa Santiago Matatlán, huko Oaxaca, haziko karibu.

Baadhi ya wapikaji wameamua kuliacha neno. Chupa zao huandikwa "destilado de agave", yaani agave iliyopikwa, maneno yasiyo na mwenyewe. Ukiigeuza chupa kama hiyo utasoma jina la aliyepika, kijiji, aina ya agave na kama ililimwa au iliota porini, iliokwa kwa kuni gani, ilipondwa kwa nini, ilipikwa kwenye shaba au udongo, lita ngapi zilitoka kwenye mkupuo ule. Kila kitu kimeandikwa pale, isipokuwa jina ambalo kijiji kizima kinakiita kinywaji hicho.