Utendaji wa vimeng'enya vya ngozi: maana yake

Kwenye steji ya bodaboda Kampala, kuhesabu pikipiki zilizoegeshwa ni jambo moja. Kujua zimebeba abiria wangapi kwa saa ni jambo jingine. Hii haina mafuta, ya pili mwenyewe kalala juu ya tangi. Wingi wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, ni hesabu ya pikipiki. Utendaji ni safari: kiasi cha kemikali kinachogeuzwa kwa muda fulani. Yuniti moja ni maikromoli moja (kipimo cha wingi wa molekuli) kwa dakika.

Chukua KLK5 na KLK7, vimeng'enya vinavyokata vishikizo vya protini kati ya seli zilizokufa juu ya ngozi, zikabanduka kidogo kidogo bila wewe kuona. Ngozi yenye afya ina LEKTI, protini inayovizuia visikate ovyo. Katika ugonjwa wa Netherton, ambao ni wa kurithi na ni adimu, jeni ya SPINK5 ina hitilafu, LEKTI inakosekana, na ngozi huwa nyekundu na kubanduka kupita kiasi. Ukihesabu vimeng'enya tu, utapotoka. Kilichokatika hapo ni breki.

Kupima hakuhitaji kisu. Selotepu hubandikwa mkononi na kubanduliwa mara kadhaa, ikitoka na tabaka la juu kabisa. Kilichonaswa huyeyushwa, kisha huongezwa kipande cha protini kilichofungiwa rangi. Kikikatwa, rangi huachiliwa ikang'aa, na mashine husoma mng'ao ukipanda dakika kwa dakika. Kasi hiyo hugawanywa kwa uzito wa protini iliyotoka na selotepu, la sivyo aliyebanduliwa ngozi nyingi ataonekana mgonjwa bure. Mwenye ukurutu hupimwa penye ukurutu na pasipo, ikiwezekana sehemu ileile ya mwili, kwa kuwa ngozi ya uso si ya kiganja.

Linalosahaulika ni pH, kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Juu ya ngozi ni karibu 5, lakini vimeng'enya hivi hukata vizuri zaidi karibu na 8, na maabara nyingi hupimia huko. Namba inayotoka basi ni uwezo, wala si kazi iliyokuwa ikifanyika mwilini. Na sabuni ya mche, ambayo wengi wetu twaogea, ina pH ya 9 hadi 10. Ndiyo maana anayepimwa huambiwa asiipake pale mahali kabla ya selotepu.