Shirikisho la Nyota na Majeshi Yake: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba shirikisho la walimwengu wanaoishi katika nyota mbalimbali litakuwa dola la kawaida lililopanuliwa tu, makao makuu yakitoa amri na pembezoni pakitii. Ukweli ni kwamba hakuna ujumbe uwezao kuushinda mwanga kwa mwendo, nao husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani mwanga huchukua miaka 4.24 kufika huko, hivyo swali litakalotumwa huko leo litajibiwa baada ya miaka minane na nusu hivi, wakati ambapo bunge lililouliza huenda limekwisha kuvunjwa. Serikali kuu itabakiwa na mambo yanayostahimili kungojewa, kama vile uraia, mikataba na tafsiri ya katiba. Kodi, polisi na mahakama za kila siku zitaamuliwa papo hapo.

Kutokana na umbali huo huzaliwa dhana ya pili, ambayo naiona ya hatari zaidi: kwamba kamanda aliye mbali sharti apewe madaraka yote, kwa kuwa hawezi kungoja idhini. Ni kweli kwamba amri huchelewa. Mapigano ya New Orleans yalifanyika tarehe 8 Januari 1815, ilhali wajumbe wa Marekani na Uingereza walikuwa wametia saini mkataba wa amani mjini Ghent tarehe 24 Desemba 1814, na habari zilikuwa bado baharini. Lakini historia ya Roma inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo: mwaka 49 kabla ya Kristo, askari waliokuwa wamepigana Galia (Ufaransa ya leo na jirani zake) kwa miaka mingi chini ya jemadari Julius Caesar walivuka naye mto Rubicon, mpaka wa Italia ambao jemadari hakuruhusiwa kuuvuka na jeshi, dhidi ya serikali yao wenyewe. Dawa, kwa maoni yangu, si kumwachia jemadari kila kitu, bali kumweka chini ya baraza la kiraia lililopo katika nyota ileile, lenye kushika fedha na nishati ya meli zake, na kumpa hati ya mamlaka inayokoma yenyewe bila kungoja mtu wa kuifuta. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 ina kinga ya namna hiyo, kwani inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Wapo pia wanaoamini kwamba kundi moja kubwa la meli za kivita litalinda nyota zote. Msaada unaofika baada ya miaka si ulinzi. Kila nyota itahitaji vikosi vyake.

Mwisho, hudhaniwa kwamba muhula wa miaka mitano ni ule ule kwa kila mtu. Ukweli ni kwamba saa ya anayesafiri kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga huenda polepole kuliko ya waliobaki nyumbani. Meli ikienda Proxima Centauri na kurudi kwa asilimia 99 ya mwendo wa mwanga, nyumbani itapita zaidi ya miaka minane na nusu, huku saa za melini zikihesabu kama miezi kumi na minne na nusu. Kamanda huyo atakaporudi, atakuwa bado madarakani kwa saa yake na amekwisha kustaafu kwa saa ya waliomteua, kwa hiyo hati yake ya uteuzi lazima itaje tangu mwanzo ni saa ipi itakayofuatwa.