Kumwigiza Shujaa wa Dhati Mtandaoni

Wengi wa wageni ninaowaongoza katika uigizaji wa wahusika mtandaoni, yaani kutunga kisa pamoja huku kila mchezaji akiandika maneno na matendo ya mhusika wake, huogopa kumchagua mtu mwema, wakiamini kwamba wema hauzai kisa na kwamba mhusika mwenye dhambi nzito ndiye pekee anayestahili kufuatiliwa. Siafikiani nao hata kidogo. Shujaa wa dhati ni mgumu kumwigiza kwa sababu ushujaa wake hauonekani mpaka umgharimu kitu, tena mbele ya wachezaji wengine ambao kila mmoja wao ana kisa chake.

Kanuni za paladini, yaani askari mtakatifu wa michezo ya njozi, zililitambua hilo mapema. Katika kitabu cha wachezaji cha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Advanced Dungeons & Dragons cha mwaka 1978, paladini aliweza kuponya kwa kugusa na hakupatwa na maradhi, lakini alipaswa kutoa sehemu ya kumi ya mapato yake, hakuruhusiwa kubaki na zaidi ya vifaa 10 vya kichawi, na alipotenda uovu kwa kujua na kwa hiari alivuliwa hadhi yake papo hapo na kwa kudumu. Masharti yote hayo yanambana yeye mwenyewe, wala hayampi mamlaka ya kuwahukumu wenzake. Mchezaji anayeyageuza kuwa mahubiri kwa mwenzake anayeigiza mwizi katika kundi lake humchosha kila mtu.

Mfano ninaourejea sana ni City of Heroes, mchezo wa mtandaoni wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, uliofunguliwa Aprili 2004, ambamo wachezaji wenyewe waliifanya Virtue, mojawapo ya seva zake, kuwa makao makuu ya uigizaji. Mchezo huo ulimwezesha mhusika wa ngazi ya juu kumchukua mhusika mchanga kama msaidizi wake na kumpandisha hadi ngazi moja chini ya yake, ili wapigane bega kwa bega. Kwa mbuni wa mchezo hiyo ilikuwa njia ya kuwaunganisha marafiki. Kwa mwigizaji ni somo kamili, kwani nguvu za shujaa hapo zinatumika kumpa mwingine nafasi ya kutenda. Mchezo ulifungwa tarehe 30 Novemba 2012, ukafufuliwa na mashabiki mwaka 2019, na Januari 2024 seva yao ya Homecoming ikapewa leseni rasmi na NCSOFT, kampuni inayoumiliki mchezo huo. Nafurahi sana kwamba upo.

Katika uandishi wenyewe, nasisitiza kwamba tendo la shujaa liandikwe kama jaribio. Ukiandika kwamba anaruka kumkinga mtoto huku ukuta ukiporomoka, mwenzako anaweza kuamua kama ukuta umemponda mguu. Ukiandika kwamba amemwokoa na hakuumia, umefunga mlango. Imani yake nayo iwe finyu na mahususi. Kusema kwamba anapigania haki hakumwongozi popote, ilhali anayekataa kumwacha majeruhi yeyote, hata adui, atalazimika siku moja kuchagua kati ya majeruhi huyo na daraja analopaswa kulilinda.

Zaidi ya yote, zungumza na anayemwigiza mhalifu kabla ya tukio, nje ya uhusika, mkubaliane ni nini kinaweza kupotea. Mwachie ushindi wa kweli: daraja livunjwe, mji utekwe, na shujaa wako aingie katika tukio linalofuata akiwa amemwokoa majeruhi mmoja tu, huku wenzake wakimdai maelezo.