Kurudisha dau hakuvunji mkataba

Kila dirisha la usajili likifunguliwa sentensi ileile inarudi: "Mchezaji si arudishe tu hela yao ya usajili na mishahara ya miezi mitatu, aondoke zake?" Mashabiki wa Simba wanaisema wakimtaka mchezaji wa Yanga, wa Yanga wanaisema wakimtaka wa Azam. Kibaya zaidi wanaisema wachezaji wenyewe, wajomba zao na watu wanaojiita mameneja wao, wanapofika mezani na fedha mkononi na barua ya kuaga imeshaandikwa. Inatosha sasa. Imani hii imewaweka vijana jukwaani miezi kadhaa wakiwa kwenye ubora wao, na hakuna kanuni inayoibeba.

Sakata la Feisal Salum tunalikumbuka wote, lakini wengi wamelisahau lilivyoisha. Desemba 2022 alitangaza kuachana na Yanga huku mkataba wake ukiwa unaishia Mei 2024. Akaingiza Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu: 100 za dau la usajili na 12 za mishahara ya miezi mitatu. Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, akagonga ukuta. Nusu ya msimu ikaenda bila yeye kugusa mpira wa ligi. Juni 2023 ndipo alipoondoka, na kilichomtoa si zile milioni 112. Yanga na Azam walikaa wakakubaliana. Njia hiyo ilikuwepo tangu Desemba.

Kwa nini fedha ile haikufua dafu? Kwa sababu dau la usajili ni malipo anayopewa mchezaji ili akubali kusaini. Halikuwekwa pale kama bei yake ya kuuzwa. Mkataba wa mchezaji wa kulipwa ni wa muda maalumu, na kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema unakwisha kwa njia mbili tu: muda wake umefika, au pande zote mbili zimekubaliana. Zinaongeza kwamba hauvunjwi na upande mmoja katikati ya msimu. Anayeuvunja bila sababu za msingi anadaiwa fidia, na hiyo fidia haipangwi na mdaiwa.

Tufanye hesabu. Mchezaji amesaini miaka 3, dau Sh90 milioni, mshahara Sh5 milioni kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja anataka kuondoka. Yeye anajumlisha 90 na 15, anapata 105, anaona amelipa kila kitu. Klabu inahesabu tofauti. Theluthi mbili za dau, Sh60 milioni, ni za miaka miwili ambayo hajaitumikia. Mishahara iliyobaki, miezi 24 kwa milioni 5, ni Sh120 milioni, na hicho ndicho kipimo kimojawapo cha thamani ya huduma inayopotea. Kama mezani kuna ofa ya maandishi ya Sh300 milioni kutoka klabu nyingine, hasara inayodaiwa inaweza kusogea hadi huko. Kamati inayapima yote hayo kwa ushahidi, na milioni 105 hazimfungi mtu yeyote.

Fidia siyo adhabu pekee. Kuna kipindi cha ulinzi: miaka au misimu mitatu ya mwanzo kama alisaini kabla ya kutimiza miaka 28, miwili kama alisaini baada ya hapo. Akivunja mkataba bila sababu ndani ya kipindi hicho, anaweza kufungiwa kucheza miezi 4, na 6 mazingira yakiwa mabaya zaidi. Shabiki anayeshangilia kwamba "ametoroka kishujaa" anashangilia mchezaji ambaye huenda asimwone uwanjani mpaka dirisha lijalo.

Ile miezi mitatu nayo ina asili mbili. Ya kwanza ni mikataba ya ajira iliyonakiliwa kutoka maofisini, yenye kifungu cha notisi ya miezi mitatu "kwa upande wowote". Kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wa mpira ni mwaliko wa kesi. Ya pili ni kanuni za FIFA zenyewe, ila humo miezi mitatu iko upande wa pili wa meza: mchezaji aliyelazimika kuvunja mkataba kwa sababu klabu haimlipi anapata mishahara iliyobaki, ikipunguzwa na atakachopata kwenye klabu mpya, na juu yake nyongeza ya mishahara mitatu. Watu wamesikia nusu ya habari wakaigeuza.

Mchezaji anayetaka uwezo wa kuondoka kwa fedha anaupata siku ya kusaini, siyo miezi 12 baadaye. Kinaandikwa kipengele cha kununuliwa, na kipengele kizuri kina mambo matano: kiasi kamili na sarafu yake, nani analipa, fedha iingie akaunti gani na kabla ya tarehe ipi, taarifa inatolewa kwa njia gani, na kwamba malipo yakikamilika klabu inatoa barua ya kumwachia ndani ya siku zilizotajwa. Likikosekana la mwisho, fedha itaingia na barua haitatoka mpaka dirisha lifungwe. Mameneja wengi wanapigania dau mpaka usiku wa manane, halafu kipengele hiki hawakigusi kabisa. Ningependa iwe kinyume chake: punguza dau, pata kipengele.

Na kama klabu hailipi? Hapo njia ipo, ni nyoofu, na inaharibiwa na haraka. Mishahara isiyolipwa ikifika miwili, mchezaji anaiandikia klabu barua ya kuitaka ilipe na kuipa angalau siku 15. Barua itaje miezi inayodaiwa kwa majina, kiasi cha kila mwezi, jumla, namba ya akaunti, na siku ya mwisho. Itumwe kwenye barua pepe rasmi ya klabu, ile iliyoandikwa kwenye mkataba, na nakala ya mkononi igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku 15 zikipita bila malipo kamili, inafuata barua ya pili ya kuvunja mkataba. Kisha ndipo anaondoka.

Makosa ni yaleyale kila msimu. Ujumbe wa WhatsApp kwa katibu, ukifuatiwa na mabishano ya kama aliusoma. Kuondoka kambini siku ya nne kwa hasira, ambako kunaigeuza klabu kuwa mlalamikaji. Kusaini karatasi ya "nimepokea stahiki zangu zote" ili kupewa nauli ya kwenda nyumbani. Na kubwa kuliko yote, kutokuwa na nakala ya mkataba. Mchezaji asiyekuwa na nakala iliyosainiwa kila ukurasa hana kesi ya kuanzia. Ipige picha siku hiyohiyo, itume kwa watu wawili unaowaamini.

Anayesema "nitawapeleka FIFA" ajue pia kwamba mchezaji Mtanzania anayedai klabu ya Tanzania hana njia ya kuanzia huko. FIFA husikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa, kama mchezaji mgeni dhidi ya klabu ya hapa. Mzawa anaanzia TFF.

Kuna kauli nyingine za mashabiki zisizo sahihi, na majibu yake ni mafupi zaidi.

"Klabu ikifungiwa na FIFA, viongozi watayamaliza kwa simu." Hapana, wanayamaliza kwa kulipa. Uamuzi ukitoka, klabu ina siku 45 za kulipa. Zikipita, mlango wa kusajili unaweza kufungwa hadi madirisha matatu mfululizo, na unafunguliwa deni likishalipwa. Aprili 2024 hata Yanga, wakiwa mabingwa watetezi, walifungiwa kwa sababu ya madai ya aliyekuwa mchezaji wao. Klabu ndogo zinaumia zaidi, kwa sababu kiongozi aliyevunja mikataba ya wageni watatu kwa barua ya mistari miwili anakuwa ameshaondoka madarakani deni linapofika. Ukisikia panga limepita na wageni watano wameachwa kwa mkupuo, swali la kuuliza ni kama wamesaini makubaliano ya kuachana na wamelipwa kiasi gani. Mkono wa kwaheri mtandaoni haumalizi mkataba.

"Chama ni msaliti." Clatous Chama alimaliza mkataba wake Simba, na Yanga wakamtangaza mwanzoni mwa Julai 2024. Mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali popote, bila kuomba ruhusa. Klabu inayoona umafia hapo ilipaswa kumwita mezani mkataba ukiwa na mwaka mzima mbele. Kwa mkataba unaoisha Juni 30, kuanzia Januari klabu haina tena kizuizi. Umafia halisi ni kuzungumza na mchezaji mwenye mkataba wa miaka miwili mbele bila kuiandikia klabu yake kwanza, na huo unakatazwa.

"Mchezaji huru anakuja bure." Hakuna ada ya uhamisho kwa klabu yake ya zamani, basi. Fedha hiyo huhamia kwenye dau lake na kamisheni ya wakala, na mara nyingi hugharimu zaidi ya kumnunua mchezaji wa wastani wa ligi yetu. Akiwa kijana aliyevuka mipaka kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, fidia ya mafunzo, yaani malipo kwa klabu zilizomlea, inaweza kudaiwa hata kama mkataba wake uliisha wenyewe.

"Tajiri kamnunua kwa hela yake, ni mali yake." Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni nje ya klabu kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji. Mfadhili anaweza kuipa klabu fedha au kuikopesha, lakini mkataba ni wa klabu na fedha za mauzo ni za klabu. Wanachama wa klabu zetu mbili kubwa wangeuliza hili kwenye mkutano mkuu badala ya kubishana nani kamsajili nani: fedha ya usajili ya mwaka huu imeingia vitabuni kama msaada au kama deni?

"Amefeli vipimo, mkataba umefutika." Uhalali wa mkataba hauruhusiwi kutegemea vipimo vya afya wala kibali cha kazi. Vipimo kwanza, saini baadaye. Klabu iliyosainisha Jumatatu na kupiga picha ya goti Alhamisi inamlipa huyo mchezaji goti likiwa lilivyo.

"Ameuzwa, klabu imevuna." Subiri ione fedha. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 zilizotajwa kila gazeti, kisha wakabaki kuzifukuzia hadi FIFA. Anayeuza kwa awamu anaandika tarehe ya kila awamu, riba ya kuchelewa, na kwamba awamu moja ikikosekana deni lote linaiva papo hapo. La sivyo apokee awamu kubwa kabla hati ya uhamisho wa kimataifa haijatoka, kwa sababu ikishatoka hana tena cha kushikilia.

"Dirisha limefungwa, hakuna tena." Kwa mwenye mkataba, ndiyo. Ambaye mkataba wake uliisha kabla ya dirisha kufungwa anaweza kuruhusiwa na shirikisho hata baadaye. Kutambulishwa na jezi kabla ya dirisha kufungwa nako hakumfanyi mtu awe amesajiliwa: kwa mgeni, taarifa za klabu zote mbili lazima zifanane kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa mtandaoni wa uhamisho, mkataba uwe umepandishwa pamoja na uthibitisho wa kuisha kwa ule wa zamani. Tarakimu moja ya pasipoti ikipishana saa tano usiku, mchezaji anakaa jukwaani.

La mwisho linahusu timu za mtaani, ambazo hazina mashabiki wa kuzipigania. "Sisi tulimlea tu, hatuna chetu." Mnacho. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla ya mkataba kuisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea: 0.25 kwa kila mwaka kati ya miaka 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka kati ya 16 na 23. Timu iliyokuwa naye akiwa na miaka 14 hadi 17 ina asilimia 1.5. Kwenye mauzo ya dola 400,000 hizo ni dola 6,000, fedha ya kuendesha kituo cha vijana kwa muda mrefu. Tangu Novemba 2022 fedha hizi hupitia ofisi ya malipo ya FIFA iliyoko Paris, inayosoma historia ya mchezaji kutoka kumbukumbu za mashirikisho. Kwa hiyo timu iwe imesajiliwa, kijana awe ameandikishwa kila msimu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa vilevile kama kwenye cheti, na timu iwe na akaunti ya benki kwa jina lake yenyewe. Akaunti ya kocha haikubaliki.