Bajeti ikisomwa, pesa zishafika?
Wengi hapa Lamu huamini kwamba bajeti ikisomwa Juni, pesa za ulinzi na utafiti wa bahari zishafika. Yaliyosomwa ni makadirio. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, pesa hutolewa kwa awamu, na bajeti ya nyongeza, inayorekebisha makadirio hayo katikati ya mwaka, yaweza kuzipunguza.

Boti ya doria hununuliwa kwa fungu la maendeleo. Mafuta yake hutoka fungu la matumizi ya kawaida. Hili la pili likikatwa, boti mpya hubaki imefungwa gatini. Utafiti huumia zaidi: sampuli za maji ya msimu wa kaskazi (pepo za kaskazini-mashariki) zisipochukuliwa kabla ya Machi kwisha, pesa za Mei hukuta kusi (pepo za kusini) imeshashika, na mfululizo wa vipimo umekatika.

Kuhakiki, tafuta fungu lenyewe katika kitabu cha makadirio, ulilinganishe na kiasi kilichotumika katika ripoti ya utekelezaji ya robo mwaka.