Auguste van Pels: tabia ya mwanamke aliyeonekana mgumu katika maficho ya Amsterdam

Wasomaji wengi wa shajara ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha na familia yake Amsterdam wakati Wanazi wa Ujerumani walipoitawala Uholanzi, humkumbuka Bi. van Daan kuwa mwanamke mgomvi, mchoyo na mwenye kujipendekeza kwa wanaume. Jina hilo la van Daan alibandikwa na Anne. Jina lake halisi lilikuwa Auguste van Pels, Myahudi wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1900 na kukimbilia Amsterdam mwaka 1937 pamoja na mumewe Hermann na mwana wao Peter. Mimi ni mwanasaikolojia ninayeshughulika na upimaji wa tabia, na hukumu hiyo hunisumbua, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya mwenendo wake inatoka katika maficho ambamo hakuna binadamu angeweza kubaki kama alivyokuwa, tena iliandikwa na msichana aliyekuwa na umri wa miaka 13 walipoanza kuishi pamoja.

Familia ya van Pels iliingia katika maficho ya Prinsengracht 263, jengo la Amsterdam, tarehe 13 Julai 1942, wiki moja baada ya akina Frank. Auguste alifika na chombo chake cha kujisaidia usiku ndani ya kasha la kofia, akaeleza kwamba bila hicho hajihisi yuko nyumbani. Kisa hicho huchekesha, lakini mimi naona ndani yake mtu anayeshikilia kitu kimoja kilicho chake. Chumba alichopewa kilikuwa jiko, mahali pa kulia na sebule ya wakazi wote, ambao baadaye walifikia wanane, na usiku ndicho alicholala na mumewe. Mchana, wafanyakazi wa ghala walipokuwa chini, ilibidi watu wanong'one, wanyate, na wasivute maji chooni. Kwa zaidi ya miaka miwili mama huyu hakuwa na pembe ya nyumba ambayo angeweza kuiita yake.

Ugomvi wa mwanzo ulihusu mashuka na sahani. Auguste aliondoa mashuka yake katika kabati la pamoja, akabakiza matatu tu, akitegemea kwamba ya akina Frank yangetosha familia zote mbili. Pia alichukia kuona vyombo vyake vikitumika huku vya akina Frank vimehifadhiwa. Anne aliandika hayo kwa hasira, ila katika maelezo hayohayo anasema kwamba mama yake, Edith, naye alikwisha kuyaondoa mashuka yake. Wanawake wawili walifanya jambo lilelile, na ni mmoja tu aliyeitwa mchoyo kwa vizazi. Naamini kwamba kwa mama wa nyumba aliyenyang'anywa nyumba, kabati la mashuka lilikuwa eneo la mwisho alilokuwa na mamlaka nalo.

Vivyo hivyo kuhusu koti lake la manyoya ya sungura, alilokuwa amelivaa kwa miaka 17. Fedha za familia zilipokwisha, mwezi Oktoba 1943 liliuzwa kwa gulden 325 (fedha ya Uholanzi wakati huo), naye akataka kuziweka fedha hizo ili anunue nguo baada ya vita, hata Hermann akapata kazi kumshawishi kwamba zinahitajika kwa matumizi ya nyumbani. Unaweza kuuita ubinafsi, na kwa kiasi fulani ulikuwa ubinafsi. Lakini anayepanga nguo za baada ya vita bado anaamini kwamba ataishi.

Sikusudii kumsafisha. Hisia zake zilikuwa juujuu, zenye kuwaka haraka, na alihitaji sana kutazamwa na kusifiwa. Alijaribu kumvutia Otto Frank, baba yake Anne, bila kujibiwa, na baadaye Fritz Pfeffer, mkazi wa nane wa maficho. Mwezi Juni 1944 Anne anamweleza akizungumzia risasi, gereza, kitanzi na kujiua, akimwonea wivu Anne kwa sababu Peter alimweleza Anne siri zake, si mama yake, akigombana, akilia, akicheka, kisha akianza upya. Hapo ninamwona mtu mwenye hofu isiyo na pa kutokea, kwa kuwa aliyezoea kutoa hisia zake nje hana namna ya kuzifungia.

Anne mwenyewe aliligundua jambo hili kabla yetu. Tarehe 22 Januari 1944 aliandika kwamba lawama nyingi za ugomvi zilikuwa za upande wao, na kwamba, pamoja na kasoro zake, Bi. van Daan ni mtu unayeweza kuzungumza naye na ambaye hulegea usipomchokoza. Ni uchunguzi wa makini kuliko ule wa wasomaji wengi watu wazima.

Baada ya kukamatwa tarehe 4 Agosti 1944, Auguste alipelekwa katika kambi za Wanazi: Auschwitz, kisha Bergen-Belsen, na hatimaye Raguhn. Alifariki mwezi Aprili 1945 akiwa safarini kupelekwa Theresienstadt, kambi nyingine. Huko Bergen-Belsen, Hanneli Goslar, rafiki wa Anne, alipoita usiku kutoka upande wa pili wa ua, aliyeitikia alikuwa Auguste, naye akaenda kumleta Anne. Tendo hilo halifuti ugomvi wa Prinsengracht. Hata hivyo limesimuliwa na shahidi mwingine, kutoka mahali palipokuwa pabaya zaidi kuliko maficho, na kwa sababu hiyo ninalipa uzito ninapompima mwanamke huyu.